Star Wars: juu ya nini wenye kuipenda sana ndio wenye kuilalamikia sana?

Kuko muzaha mumoja wenye wapenzi wa sinema wanarudiliaka: hakuna mutu anachukia Star Wars kupita mushabiki wa Star Wars. Ukiwakuta wanazungumza, utasikia mutu mwenye alitazama filme zote, mwenye anajua majina ya sayari zote, mwenye alinunua vitabu na michezo ya video, na bado anakuambia kama nusu ya zile filme ni takataka. Sasa umuulize ni nusu gani. Hapo ndipo vita inaanza. Mumoja atasema ni zile za mwaka wa 1999 mupaka 2005. Wa pili atasema hapana, zile ni nzuri, ni zile za 2015 mupaka 2019 ndizo ziliharibu kila kitu. Wa tatu, mara nyingi muzee kidogo, atasema kama kisha mwaka wa 1983 hakuko tena Star Wars.

Mutu wa inje anaweza kucheka. Lakini hii mambo inastahili tuielewe vizuri, juu ya sababu mbili. Kwanza, inaonyesha namna hadithi moja inaweza kuwa mali ya watu wengi ndani ya roho zao, hata kama karatasi za mali ziko na jina la kampuni moja tu. Pili, ule ugomvi uliumiza watu wa kweli, na mumoja wao alifika karibu kujiua. Tuanze na historia, juu bila historia hatutaelewa nani anakasirikia nini.

Hadithi moja, mabwana wawili

Filme ya kwanza ilitoka ku Marekani tarehe 25 Mwezi wa 5, 1977. Mwandishi na muongozaji wake, George Lucas, alikuwa na miaka 33. Studio ya 20th Century Fox haikuitegemea sana, na ilianza katika sinema chache tu. Kumbe watu walikuja kupanga mistari mirefu barabarani. Hadithi yenyewe ilikuwa rahisi: Luke Skywalker, kijana wa shamba katika sayari ya jangwa, anajiunga na waasi wenye kupigana na Ufalme mukali, na anajifunza kutumia Nguvu, yaani uwezo wenye kuunganisha vitu vyote vyenye uzima. Sehemu ya lile jangwa iko hapa hapa Afrika: walipiga picha huko Tunisia, na jina la ile sayari, Tatooine, linatokana na muji wa Tataouine wa kusini mwa ile inchi.

Kisha zikafuata The Empire Strikes Back (1980) na Return of the Jedi (1983). Hizo 3 ndizo tutaziita filme za mwanzo. Halafu kukawa ukimya wa miaka 16. Katika mwaka wa 1999, 2002 na 2005, Lucas alitoa filme 3 za kueleza mambo yenye yalitangulia: namna Anakin Skywalker, mutoto mwenye kipaji, aligeuka kuwa Darth Vader, yule mubaya mwenye kinyago cheusi. Katika Mwezi wa 10, 2012, Lucas alikubali kuuzisha kampuni yake, Lucasfilm, kwa Disney, kwa bei ya kupita dola miliari 4. Disney nayo ikatoa filme 3 zingine (2015, 2017, 2019), na filme za pembeni kama Rogue One na Solo, na mifululizo ya televisheni kama The Mandalorian na Andor.

Tuhesabu basi: makundi 3 ya filme, miaka 42, mabwana wawili. Na kila kundi lilipata watoto wake.

Kila kizazi na Star Wars yake

Sababu ya kwanza ya mugawanyiko ni umri. Mutoto mwenye alikuwa na miaka 10 katika mwaka wa 1977 alikuwa na miaka 32 katika mwaka wa 1999. Alingojea. Aliota. Siku ilipofika, aliingia ku sinema akitafuta kusikia tena kile alisikia utotoni. Lakini kile alisikia utotoni kilitoka nusu ku filme, nusu ku ile miaka 10 yake. Filme inaweza kutengenezwa tena. Miaka 10 hairudi.

Badala ya kile alitafuta, alikuta mabishano ya kodi za biashara, mikutano ya Seneti, na Jar Jar Binks, kiumbe cha masikio marefu chenye kuanguka-anguka kusudi watoto wacheke. Wengi walikasirika. Lucas mwenyewe alisema mara nyingi kama alitengeneza hizi filme kwa ajili ya watoto wa miaka 12. Ni kusema, filme haikuwaacha wao. Ni wao walikua.

Lakini tusiseme kama malalamiko yote yalikuwa ya kukumbuka utoto tu. Mengine yalikuwa ya maana. Mufano: katika filme za mwanzo, Nguvu ilikuwa fumbo, ilionekana kama mutu yeyote mwenye moyo na mazoezi anaweza kuikaribia. Katika ile ya 1999, tunaambiwa kama inaweza kupimwa ndani ya damu, kuhesabiwa sawa vile dokta anahesabu chembe. Watu waliuliza: basi, mutu wa kawaida hana fasi tena? Ushujaa umekuwa mambo ya ukoo? Hilo ni ulizo la kweli juu ya maana ya hadithi, hapana hasira ya bure.

Sasa tumuangalie mutoto wa miaka 8 wa mwaka wa 1999. Yeye hakungojea kitu. Aliona mashindano ya magari yenye kuruka, aliona Darth Maul na upanga wake wa mwangaza wa pande mbili, na akarudi nyumbani na furaha. Kwake, ile ndiyo ilikuwa Star Wars. Leo ni mutu muzima, na sauti yake inasikika. Ndiyo sababu Hayden Christensen, muchezaji mwenye walimucheka sana katika mwaka wa 2002, alipokelewa kwa shangwe aliporudi katika mwaka wa 2022. Na katika mwaka wa 2025, walipoirudisha Revenge of the Sith ku sinema kisha miaka 20, watu walijaa.

Hata The Empire Strikes Back, yenye leo wengi wanaiita bora kupita zote, haikusifiwa na waandishi wote ilipotoka. Wengine hawakupenda kama inaisha bila kumaliza hadithi. Kwa hiyo tukisikia leo kama filme fulani "imekataliwa na wote," tungojee kidogo. Watoto wenye waliipenda bado wanakua.

Mwenye hadithi ni nani?

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo inaweza kutupendeza sisi wenye tulisoma mambo ya sheria ao ya sanaa.

Katika mwaka wa 1988, George Lucas alisimama mbele ya Kongre ya Marekani. Wakati ule, kampuni fulani zilikuwa zinatia rangi ndani ya filme za zamani zenye zilipigwa kwa nyeupe na nyeusi. Lucas alipinga kwa nguvu: alitetea kama filme za zamani ni urizi wa taifa, na mwenye kununua haki zake hapaswi kuzigeuza-geuza apendavyo. Mwaka wenye kufuata, 1989, Maktaba ya Kongre ilichagua filme 25 za kwanza za kulindwa kama urizi, na Star Wars ilikuwa ndani.

Kisha ikaja mwaka wa 1997. Lucas yule yule alitoa tena zile filme 3 za mwanzo, na mabadiliko yenye alifanya na ordinateri. Lenye lilileta kelele sana ni lile la Han Solo, rubani wa magendo. Katika filme ya 1977, Greedo anakuja kumukamata Han ndani ya baa, na Han anamupiga risasi chini ya meza, yeye peke yake. Katika ile ya 1997, ni Greedo anapiga kwanza, anakosa, hata kama wako karibu-karibu, na Han anajilinda tu.

Utasema: sekunde mbili tu, shida iko wapi? Shida ni hii. Han anaanza hadithi akiwa mutu wa kujipenda, mwenye kuua bila kupepesa jicho, na anamaliza akiwa mutu mwenye kurudi kuokoa rafiki. Ukimufanya muzuri tangu mwanzo, safari yake inakuwa fupi. Na tena, Lucas aliiacha filme ya zamani pembeni: katika mwaka wa 2006 iliwekwa ku DVD kama nyongeza tu, na picha zenye hazikuwa safi sana. Kuko wapenzi wenye walitafuta nakala za zamani za sinema na wakazisafisha wao wenyewe, kusudi filme ya 1977 isipotee.

Ku upande wa sheria, hakuko mabishano: mwenye haki alikuwa Lucas. Lakini wale wapenzi wanamujibu na sababu zile zile zenye yeye alileta mbele ya Kongre. Mwandishi iko na haki ya kusahihisha kazi yake. Watu nao, wenye waliibeba hadithi miaka 20, je, hawako na haki ya kuitunza vile waliipokea? Pande zote mbili ziko na kitu cha kweli mukononi.

Ulizo lile lile lilirudi katika Mwezi wa 4, 2014. Lucasfilm, yenye ilikuwa sasa ya Disney, ilitangaza kama riwaya, vitabu vya picha na michezo vyenye vilitoka miaka yote iliyopita haviko tena sehemu ya hadithi rasmi. Vitaitwa "Legends", yaani masimulizi. Kulikuwa wasomaji wenye walifuata vile vitabu kwa kupita miaka 20. Ndani yake, Luke alioa, na Han na Leia walizaa watoto, na wale watoto walikua mbele ya macho ya musomaji. Sasa unaambiwa kama hayo yote hayakutokea. Ni kweli, hakuna mutu alikuja kukunyanganya kitabu chako. Lakini mutu mwenye alipoteza kitu anajua kama amepoteza.

Upanga wenye ulitupwa

Filme ya kwanza ya Disney, The Force Awakens (2015), iliingiza dola kupita miliari 2 katika dunia yote. Lakini kisha furaha kupoa, malalamiko yalianza: hii ni ile ya 1977 tena! Yatima wa jangwani, roboti yenye kubeba siri, silaha kubwa yenye kuvunja sayari.

Ekipe ya filme yenye ilifuata, The Last Jedi (2017), ilienda njia ingine. Muongozaji wake, Rian Johnson, alituonyesha Luke Skywalker muzee, amejificha ku kisiwa. Musichana Rey anamuletea upanga wake wa zamani. Watu wote ndani ya sinema wanashika pumzi. Na Luke anautupa nyuma ya bega. Baadaye tunajua sababu: aliona giza ndani ya mutoto wa dada yake, na kwa muda mufupi alifikiri kumuua akiwa analala.

Hapo washabiki waligawanyika kabisa. Wa kwanza wanasema: Luke mwenye alikataa kumuua baba yake, Darth Vader, mwenye damu ya watu wengi, namna gani atainua upanga juu ya kijana mwenye kulala? Wa pili wanasema: ndiyo maana yake. Shujaa anazeeka, anakosa, anahaya, na filme inafundisha kama kushindwa ni mwalimu. Hata Mark Hamill, mwenye kumucheza Luke, alisema waziwazi kama hakupatana na mawazo ya muongozaji juu ya Luke. Nyuma alisema anajuta kuleta yale mambo mbele ya watu.

Halafu ikaja The Rise of Skywalker (2019), na J. J. Abrams, yule wa 2015, akarudi kuongoza. Katika ile ya 2017, Rey aliambiwa kama wazazi wake walikuwa watu wa bure tu. Katika ile ya 2019, tunaambiwa yeye ni mujukuu wa Mfalme Palpatine, mwenye tulimuona anaanguka katika mwaka wa 1983. Wenye walipenda ile ya 2017 walisikia kama wamesalitiwa, na wengi wa wenye hawakuipenda nao hawakushiba. Leo, ku pande zote mbili utasikia lawama moja: filme 3 za hadithi moja zilianza bila mupango mumoja.

Na ukiangalia vizuri, utaona kitu cha kuchekesha kidogo. 2015 walikataa juu inafanana na ya zamani. 2017 walikataa juu haifanani na ya zamani. Mushabiki anaomba kitu kipya chenye kumufanya asikie sawasawa na zamani. Ni vigumu kumupikia mutu wa namna hiyo.

Waafrika nao

Kuko hisia mbili zingine zenye hazizungumziwi sana. Katika Return of the Jedi, Nien Nunb, yule rubani mwenye kukaa pembeni ya Lando, anasema luga ya ajabu. Sauti ile ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi wa Kenya mwenye alikuwa Marekani, na ndani ya maneno yake kuko Kikikuyu cha kweli. Mutu wa Kenya mwenye kusikia luga ya nyumbani ndani ya chombo cha anga anaweza kufurahi sana. Anaweza pia kuuliza: juu ya nini luga yetu ndiyo imechaguliwa kuwa luga ya viumbe wageni? Majibu yote mawili ni ya haki, na mutu mumoja anaweza kuwa nayo yote mawili siku moja.

Katika mwaka wa 2015, mwanamuke Mukenya Lupita Nyong'o, mwenye alikuwa amepata Oscar mwaka mumoja mbele, aliingia katika Star Wars. Lakini sura yake haikuonekana, juu alicheza Maz Kanata, kiumbe chenye kilichorwa na ordinateri. Na John Boyega, mwenye kuzaliwa London na wazazi Wanigeria, alikuwa mumoja wa mashujaa wakubwa wa ile filme.

Pale lawama inageuka kuumiza mutu

Jina la Boyega linatufikisha mahali pabaya. Mbele hata filme kutoka, kulikuwa watu ku mitandao wenye walikasirika kuona mutu mweusi ndani ya nguo za askari wa Ufalme, na wengine waliomba watu wasiende kuitazama. Kelly Marie Tran, Mumarekani wa wazazi Wavietnam, alicheza Rose katika ile ya 2017. Alitukanwa juu ya asili yake na juu ni mwanamuke, mupaka katika mwaka wa 2018 akatosha picha zake zote ku Instagram. Kisha, katika filme ya 2019, walimupa fasi kidogo sana.

Ahmed Best ndiye alicheza Jar Jar Binks katika 1999. Alikuwa kijana, na ile ilikuwa bahati kubwa ya kazi yake. Katika mwaka wa 2018 alisema waziwazi kama zile kejeli zilimufikisha karibu kujiua. Hakuandika ile hadithi yeye, hakuchagua yale maneno. Alifanya kazi yenye aliombwa. Katika mwaka wa 2023 alirudi katika The Mandalorian kama Jedi shujaa mwenye kuokoa mutoto, na washabiki wengi walimushangilia.

Hapa tunapaswa kutenganisha mambo. Kusema "Finn, mutu mwenye Boyega alicheza, alianza vizuri na wakamusukuma pembeni" ni kuhukumu kazi. Boyega mwenyewe alisema karibu vile vile katika mwaka wa 2020. Kusema "mutu mweusi hana fasi hapa" ni chuki tu. Shida ni kama ku mitandao hizi sauti mbili zinatembea pamoja. Mwenye kuhukumu kazi kwa haki anachanganywa na mwenye chuki. Na kampuni nayo inaweza kujificha nyuma ya wenye chuki kusudi isijibu lawama za haki.

Tena, kelele haiko hesabu. Katika mwaka wa 2018, mutafiti Morten Bay alichunguza ujumbe 967 wenye watu walimutumia Rian Johnson ku Twitter. Wenye kulaumu filme walikuwa karibu 22 kwa 100 tu, na karibu nusu ya hao walikuwa programu zenye kujifanya watu, wachokozi, ao watu wenye kutafuta mambo ya politiki. Lakini hasira inavuta macho, na macho yanaleta feza. Mwenye kutoa video ya kusema "Star Wars imekufa" anapata watazamaji kupita mwenye kusema "iko na mazuri na mabaya." Kwa hiyo ulizo si tu nani anachukia, ni pia nani anakula kupitia ile chuki.

Tufanye nini?

Mufululizo wa Andor (2022 mupaka 2025) unatufundisha kitu. Hauna Jedi, hauna panga za mwangaza, unaonyesha watu wadogo namna wanaanza kuchoka na utawala mukali. Haukufanana na filme za zamani, lakini ulipendwa na watu wa pande zote. Ni kusema, washabiki hawakukataa mambo mapya. Walitaka kazi yenye ilifikiriwa vizuri.

Basi, siku ingine ukikaa na wenzako kubishana juu ya Star Wars, ao juu ya muziki, ao juu ya ekipe ya kabumbu, ujiulize mambo matatu mbele ya kufungua kinywa. Ninasema juu ya hii kazi, ao juu ya utoto wangu wenye ulipita? Ninahukumu kazi, ao ninaumiza mutu mwenye aliifanya? Na huyu mudogo wangu mwenye anaipenda, aliona nini chenye mimi sikuona?

Ukijibu hayo matatu, unaweza kulaumu filme mupaka asubui. Hakuna mutu atakuzuia. Kulaumu kitu chenye unapenda ni sehemu ya kukipenda. Yule mwenye haipendi Star Wars, yeye alisha kulala zamani.